Saa za Kazi na Siku za Kungoja

Wanaofuatilia maandishi yangu wamezoea kunikuta kwenye mijadala ya katiba, bajeti na elimu ya juu. Leo nitaandika kuhusu silinda hedi. Sijaishiwa mada. Kuna swali ambalo karibu kila mwenye gari kuukuu katika nchi hii huliuliza siku moja: kufungua na kubadilisha silinda hedi huchukua muda gani, na je, ni afadhali kazi hiyo ifanyikie nyumbani au gereji? Nimelijibu swali hilo mara mbili kwa gari lile lile, mara ya kwanza gereji na mara ya pili uani kwangu. Niliyojifunza humo kuhusu muda, ujira na uwajibikaji yamenifaa darasani kuliko baadhi ya vitabu nilivyovinunua kwa gharama kubwa.

Kwa msomaji asiyejua injini, maelezo mafupi yatatosha. Chini kuna bloku, yenye matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu yake hufungwa silinda hedi, ambayo hubeba vali za kuingiza hewa na petroli na za kutoa moshi. Kati ya vitu hivyo viwili hulala gasketi, bamba jembamba lenye kazi ngumu: kuzuia moto wa ndani usitoroke, na kuzuia maji ya kupozea na oili visichanganyike wala kuingia kwenye silinda. Katika injini nyingi ndogo za Kijapani zinazotembea hapa kwetu, bloku ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko chuma. Injini ikichemka kupita kiasi, hedi hupinda, na kupinda huko hakuonekani kwa macho. Kwa injini ya gari langu, Toyota Corolla yenye injini ya 5A, mpindo unaovumiliwa kwenye uso unaokaa juu ya bloku hauzidi milimita 0.05, karibu na unene wa unywele mwembamba.

Gari hilo liliharibika mwaka 2010, kati ya Morogoro na Chalinze, mdogo wangu akiwa anaendesha. Mpira wa rejeta ulipasuka na maji yakamwagika yote kwa dakika chache. Mshale wa joto haukumsaidia, kwa sababu kihisio husoma joto la maji. Maji yakishakwisha hubaki hewani, na mshale waweza kutulia mahali pake pa kila siku wakati injini inaungua. Alisimama mara tu aliposikia injini ikigonga na kupoteza nguvu, na sioni ambacho dereva mwangalifu angekifanya zaidi. Gari likavutwa hadi Dar es Salaam, likaingizwa katika gereji moja kubwa yenye uzio, lango, mlinzi, na kijana wa mapokezi mwenye kompyuta.

Sitaitaja gereji hiyo, maana yaliyonipata pale huwapata wengi kwingineko. Nilipewa karatasi ya makadirio yenye mistari mitatu: seti ya gasketi shilingi 120,000, kuskimu hedi shilingi 60,000, na ufundi wa saa 14 kwa shilingi 20,000 kila saa, jumla shilingi 280,000. Nilivutiwa na zile saa 14. Sikuwahi kabla ya hapo kumwona fundi wa hapa akidai malipo kwa saa badala ya kwa kazi, nikadhani labda tumeanza kuwa na utaratibu. Saa 14 ni siku mbili za kazi. Gari lilikaa humo siku 19.

Kila jioni mama yangu aliniuliza, “Fundi kasemaje, baba?” Nami nilimjibu, “Amesema kesho, mama.” Mama alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia, na mara mbili kwa wiki alitakiwa kupelekwa hospitali kwa mazoezi ya viungo. Kwa mgonjwa asiyeweza kupanda daladala, usafiri ni gari la nyumbani, au teksi ya kwenda, kungoja na kurudi. Ningeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba kazi itachukua siku 19, ningepanga: ningekodi gari la mtu kwa siku zile mbili za kila wiki, au ningemhamishia mama kwa dada yangu anayeishi karibu na hospitali. Lakini kesho haipangiki. Ukiambiwa kesho unaacha kutafuta njia nyingine, kwa kuwa kesho si mbali. Kati ya vipindi vitano vilivyoangukia siku zile, mama alihudhuria viwili. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa umeanza kushika kikombe, ulirudi nyuma, na ilituchukua wiki nyingi kuufikisha tena pale ulipokuwa. Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana, subira yavuta heri na ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku zile niliona kwamba ya kwanza inamhusu anayejua anangoja nini.

Baada ya miezi 14 gari lilianza tena kupunguza maji. Asubuhi lilitoa moshi mweupe ambao haukwisha hata injini ilipopata joto, na mapovu yalipanda kwenye rejeta kila mafuta yalipokanyagwa. Hizo ni dalili zinazojulikana za gasketi iliyoungua. Safari hii niliamua kazi ifanyikie uani kwangu, mbele ya macho yangu, na kwa kiasi fulani kwa mikono yangu. Jirani yetu mmoja, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, alijifunza kazi miaka ya 1980 katika karakana ya shirika la umma la usafirishaji. Shirika lilikufa, yeye akabaki na ujuzi na sanduku la spana. Tulikubaliana shilingi 150,000 kwa kazi nzima, pamoja na chakula cha mchana kwake na kwa kijana wake, saidia fundi. “Ila Mwalimu,” aliniambia, “mimi sitaji siku. Nitakutajia hatua. Siku utazihesabu mwenyewe.” Nikanunua daftari.

Majirani waliopita siku ya kwanza walinisalimu kwa masikitiko. Mmoja alimwuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama chuo kimechelewesha mishahara. Kijana niliyewahi kumfundisha alisimama, akaniona nikiwa na oili hadi kwenye viwiko, akasema, “Shikamoo, Mwalimu,” kisha akaondoka haraka kana kwamba amenikuta bafuni. Katika waraka wake wa Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kumfanya ajione bora kuliko wanaofanya kazi kwa mikono. Tumeukariri waraka huo kwa ajili ya mitihani kwa zaidi ya miaka 40, na bado mhadhiri akishika spana huonekana amefikwa na msiba.

Jumamosi tulianza saa moja asubuhi, injini ikiwa baridi. Hedi ya aluminiamu ikifunguliwa ingali moto inaweza kupinda papo hapo. Tulichomoa waya wa betri, tukamwaga maji na oili, tukaondoa kichujio cha hewa, mipira, nyaya na distribyuta. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Kila waya uliotoka ulifungwa kipande cha plasta chenye namba, na kila kundi la bolti liliwekwa katika kopo lake. Kisha tukafika kwenye manifoldi ya moshi, na bolti moja ikagoma. Kutu ya miaka ilikuwa imeigandisha. Kwa bolti hiyo moja tulitumia saa 1 na dakika 40: kumimina mafuta ya kulegeza kutu, kugonga taratibu, kungoja, kugonga tena, kuirudisha ndani kidogo, kuivuta nje kidogo, hadi ikakubali. Kijana wa Fundi alipendekeza ikatwe. Fundi alimwambia kwamba bolti ikikatikia ndani, hatutahesabu tena saa.

Baada ya hapo kazi ilitembea. Mkanda wa taimingi, kifuniko cha vali, na zile shafti mbili za kamu. Katika injini hii mkanda huzungusha shafti moja, nayo huizungusha ya pili kwa meno. Gia mojawapo imegawanywa mapande mawili yenye springi kati yake, na kabla ya kuitoa ni lazima bolti ndogo ipitishwe kuyafunga mapande hayo pamoja. Asiyejua hutoa shafti hivyo hivyo, kisha hupoteza nusu siku akihangaika kuirudisha. Bolti kumi za hedi zililegezwa kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuelekea katikati. Saa saba mchana hedi ilikuwa juu ya meza ya jikoni, jambo ambalo mke wangu amelikumbusha mara nyingi tangu wakati huo.

Jumapili tulitumia saa 3 kusafisha. Mabaki ya gasketi ya zamani hukwanguliwa kwa subira, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye uso wa aluminiamu ni njia mpya ya maji. Matundu ya bolti kwenye bloku yalikaushwa moja moja: kikibaki kimiminika chini ya tundu, bolti ikikazwa kinakosa pa kwenda, na bloku inaweza kupasuka. Kisha Fundi aliweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, akapitisha chini yake bamba la kupimia. La milimita 0.05 lilipita. La 0.10 likapita. La 0.15 likapita katikati kwa kusita. Hakusema neno. Alinikabidhi bamba nijaribu mwenyewe.

Jumatatu tuliipeleka hedi kwa fundi mashine. Ilikuwa 2011, mwaka ambao ukame ulishusha maji ya bwawa la Mtera na mgao wa umeme ukawa sehemu ya ratiba ya kila kaya. Mashine ya kuskimu haiendeshwi na jenereta ndogo ya dukani. Mwenyewe alikuwa na hedi saba mbele ya yetu, na umeme wa kuhesabu. “Mzee, ya kwako ni Alhamisi, umeme ukikubali,” aliniambia. “Usije kabla ya hapo, utapoteza nauli.” Jioni ile nilimweleza mama kwamba gari halitakuwepo hadi wikiendi, nikapanga na mwalimu mwenzangu ampeleke kwenye mazoezi Jumatano. Hakukosa kipindi.

Alhamisi niliruhusiwa kukaa na kutazama. Kwanza hedi hupimwa nyufa: njia za maji huzibwa, hewa ya shinikizo husukumwa ndani, na hedi yote huzamishwa katika maji ya moto. Mapovu yakitoka mahali pasipo na tundu, hapo pana ufa, na hedi hiyo yafaa kubadilishwa nzima. Ya kwetu haikutoa mapovu. Ndipo ilipofungwa kwenye mashine. Kabla ya kuiwasha, fundi mashine aliniita, akauinamisha uso wa hedi kuelekea mwanga wa mlango. Akanionyesha mistari myembamba iliyopita juu yake, akaniletea hedi nyingine aliyoiskimu wiki iliyopita ili nilinganishe alama za kisu chake. “Hii ina alama za kiwandani,” alisema. “Haijawahi kuguswa na mashine yoyote hapa mjini.” Nyumbani, katika faili la gari, nilikuwa na stakabadhi ya shilingi 60,000 za kuskimu hedi hiyo hiyo. Kazi yake yote, kupima na kuskimu, ilichukua saa 2 na nusu.

Gasketi tuliitafuta Ilala na Kariakoo kwa jioni mbili, jumla ya saa 5, kwa sababu kitu kimoja kina bei tatu na maboksi yanayofanana, na muuzaji anayekuambia ukweli hupatikana duka la nne. Ijumaa jioni tulisaga vali uani kwa taa ya chemli. Kila vali kati ya 16 hupakwa dawa ya kusagia na kuzungushwa mahali pake kwa mkono, mpaka ile sauti ya mchanga igeuke kuwa kama ya kitambaa kinachopanguswa. Saa 3. Ni kazi ya kuchosha, na kwangu ilikuwa tamu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo Fundi aliniachia bila kunisimamia.

Jumamosi ya pili tulifunga kwa saa 6. Bolti za hedi ni za urefu wa namna mbili, na kila namna ina upande wake. Hukazwa kwa zamu, kuanzia za katikati kwenda nje, kwanza kwa kipimo. Fundi alifungua kitambaa cha zamani, akatoa spana ya kupimia mkazo aliyoipata kwenye karakana ile ya shirika, akaishika kama mtu ashikavyo kitu cha urithi. Baada ya kipimo, kila bolti huwekewa alama ya rangi, huzungushwa nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Gereji nyingi za mitaani hukaza kwa nguvu ya bega na kwa mazoea. Bega hilo likiwa limekaza hedi elfu moja, linaweza kuwa sahihi, lakini mteja hana namna ya kulipima. Jumapili, kwa saa 2, tulijaza oili mpya na maji, tukawasha, tukatoa hewa kwenye mfumo wa maji, tukangoja feni iwake na kuzima mara mbili.

Daftari linasema hivi: mikono yetu ilifanya kazi saa 20. Mashine ilifanya saa 2 na nusu. Madukani saa 5. Jumla ni saa 27 na nusu, ndani ya siku 9. Hedi hiyo ilidumu hadi nilipoliuza gari.

Nilirudi kwenye ile gereji nikiwa na stakabadhi. Msimamizi alinipokea kwa adabu, akaniambia kazi za kuskimu huwa wanazipeleka nje, hivyo swali langu liende huko nje, na akaniahidi punguzo nitakapoleta gari kwa matengenezo mengine. Kijana mmoja aliyekuwapo gari langu lilipofunguliwa alinisindikiza hadi langoni. Ndiye aliyenieleza hesabu ambayo karatasi ya makadirio haikuwa nayo. Gari lilifunguliwa siku ya pili na kufungwa siku ya 18. Kazi ya mikono, kwa wote, haikuzidi siku moja na nusu. Siku nyingine zote lilikaa wazi, pamoja na magari mengine matano yaliyokaa wazi. Nilimwuliza kwa nini wafungue magari sita ikiwa wana mafundi wa magari mawili. Alinitazama kwa huruma. “Mzee, gari likishafunguliwa mteja haendi kokote.” Yeye mwenyewe alilipwa shilingi 3,000 kwa siku anayoitwa kazini. Zile 20,000 kwa saa hakuwahi kuzisikia.

Sipendi kuwafanya wenye gereji kuwa mashetani wa simulizi hii. Nimezungumza na kadhaa tangu wakati huo, na wana yao: wateja wanaoacha gari bila kutoa malipo ya awali, kodi ya kiwanja inayolipwa miezi sita kwa mkupuo, umeme, spea bandia, wakubwa wanaotaka gari lao litangulizwe. Mwenye gereji naye hungoja. Lakini yeye amepata njia ya kuusogeza mzigo wa kungoja mpaka kwa wengine wawili: mteja, ambaye gari lake liko juu ya mawe, na kijana, ambaye halipwi siku isiyo na kazi. Karatasi ya saa 14 huficha uhamisho huo, kwa sababu huhesabu kitu kidogo kuliko vyote katika kazi hii, yaani mikono.

Wala hili si letu peke yetu. Marekani na Kanada, gereji nyingi hutumia vitabu vya makadirio vinavyopanga saa za kila kazi kwa kila aina ya gari, na mafundi wengi hulipwa kwa saa za kitabu, si za ukutani. Kazi ya gasketi ya hedi kwa injini ndogo ya silinda nne huandikwa kwa kawaida kati ya saa 6 na 12. Injini zenye umbo la V, ambazo zina hedi mbili, huzidi hapo. Fundi mwepesi akimaliza kabla ya kitabu, hupata faida. Akikutana na bolti iliyogoma, hasara ni yake. Na spea ikichelewa asiwe na gari jingine la kushika, hapati saa yoyote ya kitabu. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson aliandika mwaka 1967 makala maarufu kuhusu jinsi saa ya ukutani ilivyogeuzwa kuwa nidhamu ya kiwandani, na jinsi muda ulivyokoma kupita tu, ukawa kitu cha kutumiwa kama fedha. Nikiwafundisha wanafunzi makala hiyo huwaongezea swali moja: muda usiotumiwa na yeyote, ule wa hedi kukaa rafuni ikingoja umeme, umewekwa katika akaunti ya nani?

Basi nijibu lile swali la kawaida, maana najua wapo waliosoma hadi hapa kwa ajili yake. Kwa injini ndogo ya silinda nne, fundi mzoefu mwenye vifaa humaliza kazi ya mikono kwa siku moja na nusu hadi mbili. Anayefanya nyumbani kwa mara ya kwanza, hata akisaidiwa, ahesabu mara mbili yake. Fundi mashine huongeza siku kadhaa, uwe nyumbani au gereji, na hapo hakuna tofauti kati ya tajiri na maskini isipokuwa mwenye kujuana naye. Nyumbani kunahitaji uwanja mgumu, paa au msimu usio wa mvua, gari jingine la kukimbilia dukani, na fundi anayekubali kuulizwa. Asiye na hivyo, au mwenye injini ya kisasa inayodai kompyuta kwa kila hatua, aende gereji, lakini asiulize “lini”. Aulize hatua: hedi inapelekwa mashine ipi, siku gani, na je, naweza kuiona kabla haijafungwa? Tangu mwaka ule sijakutana na gereji nzuri iliyonikatalia kuiona hedi, na zilizonikatalia sikuziachia ufunguo.

Wasomaji wangu watumishi wa umma wanajua ninakoelekea. Pitieni nyuma ya ofisi yoyote ya halmashauri muone magari yenye namba za SM yakiwa juu ya mawe, majani yakiota kwenye matairi. Lipo mara nyingi na gari la wagonjwa kati yake. Ukiuliza, utaambiwa gari liko matengenezo. Sentensi hiyo ni kweli, na haisemi lolote. Ndani yake kuna barua ya kuomba ukaguzi, ripoti ya ukaguzi, makadirio, kibali, LPO, kungoja fungu la robo ijayo, kisha makadirio mapya kwa kuwa bei ya spea imepanda. Hatua hizo zina sababu. Ziliwekwa ili fedha ya umma isiibiwe, na stakabadhi yangu ya shilingi 60,000 inaonyesha wizi huo si wa kufikirika. Lakini taratibu zetu hulinda shilingi na kuiacha siku bila mlinzi. Mkaguzi akikuta stakabadhi imepungua, atahoji. Akikuta gari la wagonjwa limekaa miezi minane kwa kazi ya saa 20, huenda asihoji, kwa sababu hakuna fedha iliyotoka. Mjamzito aliyepakiwa kwenye bodaboda usiku hayumo kwenye kitabu chochote cha hesabu. Pendekezo langu ni dogo: kadi ya kazi ya kila gari la umma iwe na safu mbili, saa zilizofanyiwa kazi na siku zilizongojewa, na pembeni ya kila siku ya kungoja liandikwe jina la ofisi iliyokuwa ikingojewa.

Muhula huu nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi la namna hiyo. Kila mmoja achague huduma moja, leseni, hati, matengenezo, chochote, na aifuate tangu mwanzo hadi mwisho akiwa na daftari la safu mbili. Mmoja wao alikuja ofisini juzi kuniuliza kama siku anazongoja sahihi ya mkuu wa idara yetu kwenye fomu ya kibali cha zoezi lenyewe nazo zihesabiwe. Nimemwambia aziandike.